Uso wa Mtakatifu kwa Shaba Iliyochomwa

Mvua ya mawe ilipovunja dirisha la vioo vya rangi la kanisa letu hapa Nyamasaria, katekista alikuja kwangu na vipande vya uso wa mtakatifu, amevifunga kwenye gazeti.

"Mama, Mzee hayupo, lakini wewe si ulikuwa unamwona akifanya?"

Mzee ni marehemu mume wangu. Alikuwa fundi wa madirisha hayo, na tulikuwa tumemzika miezi sita kabla. Nilikubali kabla sijafikiri. Nadhani nilitaka tu sababu ya kufungua karakana yake.

Daftari lake lilikuwa bado kwenye rafu. Humo alinakili namna mafundi wa kale wa Ulaya walivyotengeneza rangi ya kuchorea nyuso juu ya kioo: choma shaba mpaka iwe nyeusi, isage, changanya na unga wa kioo cha kijani, kisha loanisha kwa divai au mkojo. Pembeni aliandika kwa kalamu nyekundu: "Mimi natumia siki." Nilicheka kwa sauti, nikageuka nimwambie kitu. Hakukuwa na mtu.

Nilisaga siku tatu, jiwe juu ya jiwe, mpaka unga ukawa laini kama poda ya mtoto. Nikakata kioo kipya, nikachora, nikakilaza juu ya majivu yaliyochekechwa ndani ya tanuri la matofali, nikawasha makaa. Daftari lilisema mmoja avukute makaa kwa mivuo, mwingine achungulie moto. Kuchungulia ndiko kulikuwa kazi yangu miaka yote. Sasa nilikimbia huku na huku, moto ukapoa, na kesho yake rangi ikabanduka kidoleni kama masizi.

Nilichora upya, nikampigia katekista simu. Alikuja asubuhi, akavua koti, akavukuta mpaka akalowa jasho.

"Inatosha?"

"Bado. Ngoja kioo kianze kung'aa."

Tulikiacha kipoe polepole mpaka siku ya pili. Safari hii nilikwaruza kwa ukucha, rangi haikutoka.

Jumapili uso ulikuwa mahali pake.

"Erokamano, Mama," katekista akanishukuru. "Hata haijulikani ni mpya."

Chini ya jicho la kushoto brashi yangu ilikuwa imeteleza, mstari ukawa mnene. Mzee angeuona tangu mlangoni, na tungebishana njia nzima mpaka nyumbani. Nilitembea taratibu. Hakuna aliyenibishia.