Kebo Iliyotoka Kooni

Kama uko mezani, maliza kwanza ndipo usome. Hili lilinipata mimi, macho wazi, mchana. Usiniambie niliota, mimi ni mtu wa kuwaza jambo moja mpaka kichwa kiniume, na hilo la ndoto nimeshalipima pande zote.

Nilikuwa kwenye majaribio ya kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo, katika biro, yaani ofisi, ya kupitisha mizigo karibu na bandari, hapa Kalemie. Mama Shefu, mkuu wa ofisi, alinipa swichi tatu za mtandao, visanduku vinavyounganisha kompyuta, nizifunge ziwe kama mashine moja. Kwa nyuma unachomeka kebo fupi: ya juu kwa ya kati, ya kati kwa ya chini, kisha ya chini inarudi kwa ya juu. Duara likifungwa, hata moja ikifa, zilizobaki zinaendelea kuongea. Jioni angezima ya kati yeye mwenyewe. Kompyuta za zile mbili zikikatika, sina kazi.

Sasa, mzigo wa vifaa hivyo ulipofika kutoka Kigoma, kebo ya kurudi juu haikuwemo. Unaelewa jasho lililonitoka?

Mvua ilikuwa inanyesha. Nikasikia harufu ya ndagala, dagaa wa huku, walionyeshewa mchangani mpaka wakaoza. Kugeuka, mzee mmoja amesimama ndani ya chumba cha swichi, kisicho na dirisha, shati limemganda mwilini. Kwetu humuulizi mzee, "Wewe nani?" Nikadhani ni mjomba wa Mama Shefu. Nikampa mkono. Wake ulikuwa laini kama mkate uliolowa, na kitu cha kunata kikabaki kiganjani mwangu.

"Mutoto, unatafuta kamba ya kufunga duara?"

"Ndiyo, njo hiyo, Papa," nikamjibu kwa heshima ya baba.

"Ngoja nikutolee."

Akaingiza vidole mdomoni mpaka kooni, akaanza kuvuta. Niamini. Anakohoa, anavuta, na kebo nyeusi inatoka polepole, imejaa ute na magamba ya samaki. Nikakunja uso, nikaziba pua.

Akacheka. "Usifanye sura ile! Mama yako alikutafuniaka viazi, ukameza. Haukuuliza kitu."

Ningefanya nini? Nikikataa, nimemdharau mzee. Nikikubali, nitatapika. Nikaifikiria jioni. Nikaishika kwa vidole viwili, bado ina joto la tumbo, nikaichomeka. Taa zote zikawa kijani. Nilipogeuka hakuna mtu, maji tu sakafuni. Nikatoka kumuuliza mlinzi yule Papa amepita wapi.

"Papa gani?" mlinzi akanishangaa. "Tangu mvua ianze, hapana muntu ameingia."

Jioni Mama Shefu akazima swichi ya kati. Kwenye zile mbili hakuna kilichokatika. Akazima na ya chini. Kompyuta zilizochomekwa kwenye hiyo iliyozimwa bado zinafanya kazi! Je, hilo linawezekana?

"Kumbe unajua kazi," akasema. Akaniajiri palepale.

Tangu hapo ni mimi ninayepangusa ute unaochuruzika kwenye tundu nilimoichomeka kebo. Ukiigusa ile kebo, inameza mate, kama koo. Nilileta mpya, Mama Shefu akafoka: "Kitu kinatembea muzuri, weye unataka kukiharibu?" Nimesugua mkono kwa sabuni, ndimu, majivu, petroli. Unanuka vilevile. Bugali nakula kwa kijiko.

Wewe unayeanza kazi, kitu kikikosekana, sema kimekosekana, hata wakufukuze. Na mzee usiyemjua akikukuta peke yako, muulize jina kabla hujampa mkono. Akasirike tu.