Paja la Pongo wa Karatasi

Hakuna mwindaji wa Fizi aliyerudi mikono mitupu mara nyingi kama Placide, tangu alipoajiriwa na Bwana Roger, Mbelgiji msimamizi wa barabara. Bwana Roger hakutaka nyama. Alitaka picha za pongo, swala wa msituni, tena usiku, macho yaking'aa. Zamani Placide aliwahi kulala buloko, ndani ya gereza, kwa kosa la kuwinda kwa taa. Sasa alibeba taa ileile, na polisi aliyemfunga alimpigia saluti. Kumbe kosa halikuwa taa. Kosa lilikuwa kutembea bila mzungu nyuma yake.

Nyumbani saluti haikuwepo. Mwindaji akirudi, paja la nyuma ni haki ya mama mkwe. Mama mkwe wake, Adolphine, alilingoja paja lake hata akachoka, akamchukua binti yake Florentine mpaka kijijini kwake Lweba, na kutuma neno: mume atamwona mkewe siku paja litakapofika.

Placide alishuka Lweba kujitetea. Alikaa nje, uso kando, maana mkwe hamtazami mama mkwe. Mzee Albert, kaka yake Adolphine, alikaa mlangoni ili wasemezane kupitia kwake.

"Albert, umwambie mukwe wangu," Adolphine alisema kutoka ndani, "muntu anaingia mu pori usiku, anatoka asubui, nyama hana. Ule mwanamuke anayekula paja yangu, jina yake nani?"

"Mzee, umwambie mama, tunamupigaka pongo picha tu. Hatumuue."

"Picha inaivaka mu nyungu?"

"Hapana, mama."

"Basi alale na pongo wake."

Usiku uliofuata Placide na Bwana Roger walimkuta dume kijitoni, masikio mbele, madoa meupe ubavuni. Mwanga wa kamera ulipowaka, Placide aliliona paja lile lote, nono, na mkono wake ukautafuta mkuki aliouacha nyumbani. Pongo akaruka, akaenda na ndoa ya Placide.

Ndipo alipomwomba Bwana Roger nakala ya picha. Iliporudi kutoka Bukavu ilikosafishwa, Placide aliifunga kwa majani ya mgomba, kama inavyofungwa nyama, akaipeleka Lweba.

Adolphine aliifungua, akaigeuza nyuma kuona kama mnyama anaendelea huko.

"Ni dume," alikiri. "Na paja iko. Florentine, leta makasi."

Akakata paja la nyuma, akalifunga katika kitambaa chake cha kanisani. Albert akakohoa.

"Na shingo ya mujomba?"

Ikakatwa. Jirani mmoja alikumbusha kwamba kifua ni cha mzee wa ukoo. Kikakatwa pia. Florentine akatia nguo zake kikapuni, akamfuata mumewe kupanda Fizi, mgawo umekamilika.

Siku chache baadaye Bwana Roger alipita kwa Placide kuona kazi yake ilivyopamba nyumba. Ukutani alikuta kichwa tu, na macho mawili yanayong'aa.

"Placide, yule mnyama alikuwa mzima."

"Tulimugawa, Bwana. Bibi amerudi."

Bwana Roger alitazama jikoni, ambako Florentine alikuwa akisonga ugali. Placide akavua kofia.

"Bwana, mama mukwe ametuma neno. Anasema ile paja ilikuwa kadogo. Anaomba mara ingine tupige nyati."