Mchumba wa mkaa aliyenikosesha mizinga ya nyuki

Wakuu, heshima zenu. Hii si chai, na mjinga wa kisa chenyewe ni mimi.

Miaka ile biashara zimefunguliwa na mitumba imemwagika nchini, nilikuwa Manyoni nafungua marobota. Shule niliishia la tano, ila kuchungulia vitu sijawahi kuacha.

Siku moja kwenye robota la makoti nikakuta karatasi ngumu. Dada kachorwa kwa mkaa, kajitanda kitambaa kichwani, anaangalia pembeni kama kasikia anaitwa.

Tajiri wangu, mwenye mzigo, akasema nichukue tu, karatasi haivaliwi.

Nikaenda nayo Mitundu kwa shangazi. Kule nilikuwa na jambo serious: mizinga thelathini ya nyuki ya marehemu baba. Shangazi alishasema atampa aliyetulia, mwenye mke au angalau mchumba. Nikikosa, inaenda kwa binamu yangu.

Akaiona picha. "Huyu binti wa nani?"

Mdomo ukanitangulia. "Mchumba wangu. Mwalimu, yuko Itigi."

Sasa wakuu, mkaa ni mkaa. Kwao huyo dada huenda alikuwa mweupe kama unga wa muhogo, lakini pale kwenye karatasi alikuwa mweusi kama sisi.

Shangazi akamkagua. "Mnyaturu kabisa. Hiyo pua ni ya watu wa Mgori."

Akamtundika ukutani, na kila asubuhi akawa anamsalimia: "Hujambo mwanangu."

Wiki nzima.

Siku ya kukabidhiwa mizinga akaja jirani, karani mstaafu wa reli, awe shahidi. Akavaa miwani, akaisogelea picha. Chini pembeni palikuwa na namba. Mimi nilidhani ni ya robota.

"Elfu moja mia nane na..." Akanigeukia. "Huu ni mwaka. Kijana, huyu mwalimu wako alistaafu lini?"

Binamu alicheka mpaka akakaa chini.

Shangazi hakucheka. Alikaza kanga, akapiga goti mbele ya picha.

"Shikamoo bibi. Nisamehe, wiki nzima nakusalimia kama mtoto."

Kisha akanigeukia. "Na wewe, mwamkie mkeo."

Nikamwamkia. Mizinga ikaenda kwa binamu.

Nilichojifunza: kabla hujadanganya, soma pembeni.

Picha bado iko kwa shangazi, na hadi leo nikifika sipewi kiti kabla sijampa bibi shikamoo yake.

Kuna mwenzangu humu aliyewahi kumwamkia mchumba wake? Nisemeni, ila taratibu.