Mwalimu wa Kinepali Kwenye Kilima cha Wamaza

Wewe unayenisikiliza, usicheke kabla sijamaliza. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana wa jua kali, huku kwetu Wamaza.

Binti yangu Aziza aliolewa na fundi wa barabara kutoka Nepali, akamfuata kwao. Kisha simu zake zikanyamaza. Nikipiga, anapokea mama mkwe wake, anasema Kinepali tu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nikajiambia, lugha ni subira, nitajifunza sentensi moja: "Binti yangu yuko mzima?"

Kila siku baada ya masomo nilipanda kilima chenye rezo, mtandao wa simu. Programu ya kwanza ya lugha kwenye simu ilinifundisha kusema ninakula pome, lile tufaha la Wazungu. Ya pili iligoma kila rezo ilipokatika. Nilikuwa napakua ya tatu mwanamke mmoja alipoketi kwenye jiwe karibu nami. Kiangazi, vumbi tupu, lakini upindo wa kitenge chake ulikuwa unadondosha maji.

"Mama Aziza, pome utaikulia wapi huku Wamaza?" akacheka. "Acha hiyo simu. Sema nyuma yangu."

Sikumjua. Nani alimwambia jina la mtoto wangu? Lakini, niamini, Kinepali chake kilitiririka kama cha yule mama wa kwenye simu. Akanipa sentensi, akanisahihisha polepole mpaka ikakaa mdomoni.

"Iko na maana gani?"

"Sema kwanza. Maana itakuja kisha."

Hapo ningepaswa kushtuka. Hayo ni maneno yangu! Ndivyo ninavyowafundisha watoto Kifaransa, na Aziza alikuwa mmoja wao: wanarudilia bila kuelewa. Nikaona aibu kukataa dawa yangu mwenyewe. Nikapiga simu, nikasema.

Mama mkwe akapiga yowe. Mkwe wangu akanyakua simu, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mama, nani alikuambia? Mimi niliogopa kukuambia."

"Nimesema nini, mwanangu?"

"Umeuliza, baada ya kuchoma maiti ya Aziza, majivu yake tulimwaga wapi. Mtoni, mama. Mtoni."

Nikageuka. Jiwe lilikuwa tupu, limelowa.

Tangu siku ile, watoto wakirudilia kwa sauti moja darasani, ninatoka nje. Ni wangapi nimewafundisha kubeba maneno wasiyoyajua?

Wewe ukitaka Kinepali, utakiweza, usiogope. Lakini chagua programu inayoandika maana chini ya kila sentensi. Isome maana kwanza, ndipo ufungue mdomo.