Pini Saba Kwenye Kalenda

Sogea karibu, dada unayenisikiliza. Kama tumbo linakuuma leo, lala ubavu na ukunje magoti, maana nitaeleza polepole.

Nilikuwa na miaka kumi na saba nilipoanza kujifunza kushona. Tulikaa Lubunga, na karakana ilikuwa ng'ambo, mjini, kwa hiyo kila asubuhi nilivuka mto kwa mtumbwi. Tulikuwa wasichana watatu. Mwalimu wetu, mwenye karakana, alituambia kwamba mwisho wa mwaka atabaki na mmoja tu, naye atapewa mashine yake ya kushonea pale pale. Mkono wangu ulikuwa mzuri kwenye kola. Nilitaka mashine ile kuliko kitu chochote.

Lakini kila mwezi, damu ilipoanza, tumbo la chini lilijikaza kama nguo inayokamuliwa. Maumivu yalishuka hadi mapajani, nikatapika, nikaharisha. Siku hiyo sikuvuka.

Damu niliificha. Vitambaa vyangu nilivianika chini ya nguo nyingine, kwa sababu nyumbani jambo hilo lilisemwa mara moja tu, nilipovunja ungo nikiwa na miaka kumi na mitatu, halafu likafungwa. Mama yangu aliona matapishi, akasema ni minyoo. Alichemsha magome machungu, akayapoza, akayatia katika mpira wa lavement, ule wenye mdomo mrefu unaoning'inia katika nyumba nyingi za kwetu, akaniosha tumbo kwa njia ya nyuma. Nilibaki nikitetemeka, na maumivu mawili badala ya moja. Hakuwa mkali. Kila mara alinifunika kwa kitenge chake na kukaa kando yangu mpaka nilale.

Karakanani nilisema mtumbwi haukupatikana. Wenzangu walinicheka.

"Pirogi ya Lubunga inazamaka kila mwezi," alisema mmoja, "lakini huyu hata nguo hailowanake."

"Iko na bwana kule," akajibu mwingine. "Anaendaka kumupikia."

Mwezi wa saba, mwalimu wetu aliniambia nije na mama yangu. Nilijua maana yake. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani, tukavuka mto pamoja.

"Mama, mutoto wako anajua kushona," mwalimu alianza. "Lakini mutu wa kukosa kila mara, siwezi kumuachia mashine."

"Si makosa yake, maman. Iko na minyoo. Minamupatiaka dawa, minamupigaka lavement, inarudia tu."

"Minyoo? Mie aliniambia ni pirogi."

Nikatazama miguu yangu.

Mwalimu alikuwa na daftari la vipimo vya wateja, na kurasa za mwisho aliandika siku tulizokosa. Alilifungua, akaishusha kalenda ya ukutani, akaniamuru nishike kisahani cha pini. Kila siku niliyokosa aliichoma pini. Alipomaliza zilikuwa saba, mwezi hadi mwezi, zikipishana siku moja au mbili. Alizitazama kama mtu anayekagua mshono.

"Bon. Minyoo gani inajuaka kalenda hivi?" Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ni damu?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Hakuniambia," mama alisema.

"Na wewe ulimuuliza?"

Mwalimu alirudisha kalenda ukutani, pini zikiwa bado humo. "Nilitaka kukufukuza juu ya uongo wa pirogi, si juu ya tumbo. Muende kituo cha afya. Mwezi wa kuja nitaona."

Muuguzi alituuliza maswali mengi kabla ya kueleza. Alikunja ngumi, akasema tumbo la uzazi ni msuli. Wakati wa damu, mwili hutoa kitu kinachouamrisha msuli ule ujikaze ili kusukuma damu nje, na kwa wengine amri hiyo huwa kali mno. Huyasumbua hata matumbo, ndiyo maana nilitapika. Lavement haifiki huko. Hukausha mwili, na huweza kujeruhi matumbo.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa kumeza kidonge cha maumivu cha dukani yakishafika juu, tena bila kula. Dawa ya maumivu aina ya ibuprofeni huizuia ile amri kabla haijaenea, alisema, kwa hiyo humezwa mapema, baada ya chakula. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu, ugonjwa wa figo au mimba asiimeze kabla ya kuuliza.

Njiani mama alisimama karibu na maji. "Miaka ine nilikuumiza bure?" aliuliza. Nilimwambia hakujua. Alitikisa kichwa, kana kwamba jibu hilo halikutosha.

Mwezi uliofuata, kiuno kilianza kuwa kizito alfajiri. Mama alikuwa ameshapasha ndizi na maharage. Nilikula, nikameza kidonge, akanifungia tumboni chupa ya maji ya moto, akiwa ameizungushia kitambaa, nikavuka. Maumivu hayakuisha. Yalinifuata mpaka kwenye mashine, lakini yalinifuata kwa mbali, na kufikia adhuhuri nilikuwa nimemaliza kola mbili. Mwalimu alipita nyuma yangu, akachomoa pini moja kwenye kalenda, akaitumia kwenye nguo.

Jioni niliona msumari uliokuwa ukining'iniza mpira wa lavement uko mtupu.

Mashine ile ndiyo ninayoitumia hadi leo, na kalenda iko juu yake. Nawe weka alama siku ya kwanza ya damu, kila mwezi. Siku hiyo ikikaribia, weka chakula na dawa karibu. Kiuno kikianza kuwa kizito, kula, meza kipimo ulichoelekezwa, weka joto tumboni, tembea kidogo. Na kama maumivu yanazidi mwezi hadi mwezi, au yanakuja nje ya siku zako, au damu inajaza kitambaa kila saa, au una homa, chukua kalenda yako uende nayo kituo cha afya.