Taulo la Kipa Kutoka Ukraine

Nilikuwa kipa wa timu yetu ya wazee pale Doonside, huku ughaibuni, kwa sababu moja tu: kila nilipopangwa kwingine nilileta hasara. Langoni, angalau, hasara ilikuwa na nyavu za kuipokea. Lakini nafasi ile niliipenda. Mtu wa umri wangu, mwenye shahada mbili na kitambi, hana mahali pengi anapongojwa kila Jumamosi.

Kisha mshambuliaji wetu akamleta jirani yake, Mukraine mstaafu aliyedaka miaka mingi katika ligi ya kwao, akaimbwa na viwanja vizima. Magoti yalimlia kila alipochuchumaa, ila siku ya kwanza mazoezini hakufungwa hata penalti. Muda si muda kina mama wakawa wanamletea sambusa, Wakongo wa timu yetu wanamwita Papa Kipa, na binti yangu, anayesikia Kiswahili akajibu kwa Kiingereza, akanieleza kwa upole kwamba sasa timu imepata kipa.

“Profesa,” kocha akaniambia, “wewe tunakuhifadhi.”

“Kwa ajili ya nini?”

“Dharura.”

Dharura ilikuja siku tuliyocheza na Wakongo wa Macquarie Fields. Mukraine alitundika kwenye nyavu taulo lake dogo la kufutia glavu. Sisi tuliokulia kwenye mpira wa kwetu tunajua kwamba taulo langoni si taulo. Kabla ya filimbi, nahodha wao alikwenda akalichomoa.

“Papa, hii dawa yenu tunaitoa.”

Mukraine hakuambulia neno. Alichokiona ni shabiki anayetaka kumbukumbu, maana kwao watu waligombania taulo zake. Akatabasamu, akaazima kalamu ya refa, akatia sahihi kubwa kwa herufi za kwao, kisha akamkabidhi kwa mikono miwili.

Nahodha aliyatazama yale maandishi, akalitupa taulo chini kando ya mlingoti wa goli. “Mimi nimeokoka. Sishiki hii.”

“Umeshaishika,” mwenzake akamwambia. “Usinisogelee.”

Tangu hapo hakuna mshambuliaji wao aliyetia mguu ndani ya eneo la penalti. Walipiga kutoka mbali, kwa adabu. Wakati wa mapumziko goti la Mukraine likagoma, nikaingia mimi. Tulipobadilishana magoli, Mukraine mwenyewe alichechemea na taulo lake akaliweka kando ya mlingoti wa goli letu jipya, nami nikaliacha hapo; usomi una mipaka yake. Shuti moja tu lililenga goli, likanigonga tumboni, likarudi lilikotoka. Tukashinda moja bila. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimemaliza kipindi bila kufungwa.

Watu wakaingia uwanjani wakikimbia, wakanipita, wakaenda kumbeba yeye.

Kocha alinikuta navua glavu. “Goti lake limekwisha, Profesa. Jumamosi unaanza wewe, na zinazofuata.”

Nilijitahidi nisicheke kwa furaha.

“Ila yeye tutamwekea kiti nyuma ya goli lako,” akaendelea. “Wapinzani wamwone.”

Nikakubali. Niliomba tu kiti kiwe karibu.