Siku Mama Alipoazimisha Kola ya Shingo

Mama alianguka kutoka kwenye dungu, kile kichanja kirefu tunachopanda kuamia ndege mpunga unapokaribia kukomaa. Alipanda madungu tangu akiwa msichana, na siku hiyo aliteleza akiwatukana ndege. Hospitalini Ifakara picha ilionyesha ufa kwenye pingili ya shingo. Daktari akamfunga kola ngumu ya plastiki, ikamshika kuanzia kidevuni hadi kifuani, kisha akanigeukia mimi.

"Wiki kumi na mbili, usiku na mchana. Mfupa ukihama, mama hatatembea tena."

Nikahamia kwake Katindiuka kumlinda. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimfuta jasho kwenye kingo za kola, maana joto la bonde letu halina huruma. Wiki zile nazikumbuka kwa raha, na sioni haya kusema hivyo. Maisha yake yote mama alinikatalia mambo kwa kutikisa kichwa tu. Sasa kichwa hakitikisiki, ikambidi anijibu kwa maneno, na tukaongea kuliko miaka yote ya nyuma.

Wiki ya sita nilikwenda sokoni kununua perege. Niliporudi nilimkuta ameketi ameegemea ukuta, kidevu amekishika kwa mikono miwili. Shingo tupu.

"Mama, kola iko wapi?"

"Ameazima jirani. Shingo inamuuma tangu mavuno."

Kwetu jirani akiomba ungo, kinu au jembe, hanyimwi. Lakini kola ya mfupa uliovunjika! Nikamsihi asijitikise, nikatoka mbio.

Jirani alikuwa mjane wa Kisukuma. Alihamia bondeni na mume na ng'ombe, akabakiwa na nyumba tu. Nilimkuta uani anapeta mchele, kola shingoni, uso ukitazama mbinguni kwa kuwa hawezi kuinama, na nusu ya mchele inawaangukia kuku. Nilikuwa nimefura kwa hasira, lakini mkubwa lazima aamkiwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani? Mama anaendeleaje na shingo?"

"Anaisubiri kola yake."

Akaivua polepole, akaifuta kwa kanga. "Mwambie nashukuru. Imenisaidia kweli."

Nilirudi nikamfunga mama kola yake. Alipochezesha vidole vya miguu nikaona vyote vinamtii, ndipo nikambwatukia. Nilimuuliza ukarimu gani huo wa kujitafutia kilema, na mfupa ungehama ningefanya nini mimi. Akaniacha nimalize.

"Mimi nikiumwa nakuita wewe," akasema. "Yule anamwita nani?"

Nikakaanga perege, nikampelekea jirani wawili, bado nimenuna.

Mfupa uliunga. Mama alitembea kwa miguu yake miaka kadhaa baada ya hapo, akarudi hata shambani, mpaka uzee ulipomchukua. Hasira ya siku ile haijaniisha. Nikiwa peke yangu jikoni huwa napanga upya maneno ya kumwambia, makali kuliko yale ya kwanza, na yote yananijia vizuri. Wa kumgombeza ndiye sina.